"Kama Mungu ananitosha, mbona ninajisikia mtupu?"

Saa tisa usiku simu yangu iliita. Alikuwa dada yangu, akiwa Mwanza. Mtoto wake wa pili alikuwa na wiki tano tu.

"Mdogo wangu, umelala?"

"Hapana, dada," nikamdanganya.

Akanyamaza. Nilisikia feni ikizunguka chumbani kwake na mtoto akigunaguna. Kisha akaniuliza swali ambalo nimekaa nalo zaidi ya mwaka sasa.

"Tangu utoto tunaambiwa Yesu anatosha. Na mimi nimewaambia wengi hivyo hivyo. Sasa kama ananitosha, mbona ninajisikia mtupu?"

Dada yangu ni mlokole, na si wa Jumapili tu. Aliokoka akiwa kidato cha pili, akaongoza ushirika wa wanafunzi shuleni, na ukimpigia simu anaanza na "Bwana Yesu asifiwe" kabla ya salamu nyingine yoyote. Usiku ule hakuisema.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Mama wa wiki tano baada ya kujifungua, halali hata mtoto anapolala, chakula hakipiti, analia bila kujua analilia nini: hali hiyo nilikuwa na jina lake kichwani. Lakini dada hakuniuliza habari za ugonjwa. Aliniuliza habari za Mungu.

Ameniruhusu kuandika haya mradi nisitaje jina lake. Anasema wapo kina mama wengi wenye swali kama lake ambao hawana mtu wa kumpigia saa tisa usiku.

Neno "kuokoka" lina nini ndani yake

Huenda wewe unayesoma ni Mkatoliki au Mwislamu, na neno "mlokole" unalijua kama utani wa mtaani: yule asiyegusa bia, anayekesha kwenye maombi, anayekataa muziki wa dunia harusini. Hayo ni ya nje. Ili kuelewa swali la dada, inabidi tuingie ndani kidogo.

Ukristo wa kiinjili haumo katika kanisa moja. Utaukuta kwa Walutheri, ambao neno "Kiinjili" limo katika jina la kanisa lao, KKKT. Utaukuta kwa Waanglikana, Wamoraviani, Wabaptisti, Africa Inland Church na makanisa mengi ya Kipentekoste. Mwaka 1989 mwanahistoria wa Uingereza, David Bebbington, alichapisha kitabu kuhusu Wakristo wa aina hii nchini mwake, akataja mambo manne yanayowatambulisha. Wasomi wengi wanayatumia hadi leo, na mtu aliyelelewa katika nyumba ya walokole atayatambua mara moja.

La kwanza ni Biblia. Kwao ni neno la Mungu, na ndiyo inayopima mafundisho yote, hata ya mchungaji. Nyumbani kwetu Bukoba ilikaa mezani, si kabatini, na kurasa zake zilikuwa zimelainika kama noti kuukuu.

La pili ni msalaba. Wanaamini kila mtu ametenda dhambi na hawezi kujisafisha mwenyewe, na kwamba Yesu alipokufa alilipa deni hilo, kisha akafufuka. Mzazi ataelewa haraka. Ni kama kwenda shuleni moyo ukidunda kwa sababu ya ada, halafu mhasibu anakuambia imeshalipwa yote na risiti iko pale.

La tatu ni kuzaliwa mara ya pili. Hakuna anayezaliwa akiwa ameokoka kwa sababu baba yake ni mchungaji. Kila mtu anatubu na kumwamini Yesu yeye mwenyewe. Mzazi anaweza kumfundisha mtoto na kumwombea, lakini hawezi kuokoka kwa niaba yake.

La nne ni imani inayofanya kazi: kuwashuhudia wengine, kutembelea wagonjwa, kujenga shule na zahanati.

Yote manne yanashikiliwa na neno moja, neema. Ni zawadi, haipatikani kwa jasho la mtu. Waraka kwa Waefeso, sura ya 2, ndio walokole wengi wataufungua ukiwauliza. Kwa mafundisho haya mtu hafanyi mema ili Mungu amkubali. Anafanya mema kwa sababu ameshakubaliwa.

Dada aliyajua haya yote. Aliwahi kuyafundisha. Lakini katika usiku zile ndefu za kunyonyesha, hesabu ilikuwa imegeuka bila yeye kujua. Alikuwa anajiambia: nikiwa na amani moyoni, basi Mungu yupo nami, amani ikiondoka, basi ameniacha. Zawadi ilikuwa imegeuka mtihani, na kila asubuhi alijikuta amefeli.

"Funga siku tatu"

Kabla hajanipigia mimi, alikuwa amempigia mama.

Mama yetu ni mlokole wa zamani, mwanamke anayeheshimika katika ushirika wake. Alimsikiliza mwanawe akasema alichokijua: "Mwanangu, huyo ni adui tu. Zidisha maombi. Funga siku tatu."

Dada akafunga, huku ananyonyesha. Siku ya pili alishikwa na kizunguzungu jikoni akiwa amembeba mtoto. Aliwahi kukaa chini kabla hajaanguka. Hakumwambia mtu. Alichokiona yeye ni kwamba hata kufunga kumemshinda.

Usiku ule wa simu nilimwambia aende hospitali. Akakataa. "Nikifika kwa daktari nitasema nini? Kwamba Mungu hanitoshi?"

Nikakumbuka nilichojifunza kazini: usizunguke, uliza moja kwa moja. Kuuliza hakumtii mtu wazo baya kichwani.

"Dada, umewahi kufikiria kujidhuru?"

Alichelewa kujibu. "Nimefikiria tu kwamba hawa watoto wangekuwa salama zaidi bila mimi."

Shemeji ni dereva wa lori, na usiku huo alikuwa njiani. Niliendelea kuongea na dada kwa simu yake huku nikimtumia ujumbe jirani yake, mama mmoja wa ushirika wao ambaye ni mkunga mstaafu. Saa kumi na moja kasoro aligonga mlango akiwa na khanga mabegani na chupa ya chai ya rangi.

Dada ananisimulia kwamba yule mama hakuanza na maombi. Alimchukua mtoto, akamwambia anywe chai, kisha alale saa mbili. Alipoamka, mama yule akasema: "Unaumwa, mwanangu. Leo nakupeleka hospitali. Na nitaomba na wewe njiani."

Uamsho uliotoka hospitalini

Baada ya hapo nilianza kusoma historia ya hawa walokole waliotulea. Nikakuta jambo ambalo hatukuambiwa shule ya Jumapili: uamsho uliowapa jina hilo ulianzia kwa watu wa afya.

Neno lenyewe limetoka Uganda. Kwa Kiganda, "balokole" ni watu waliookoka.

Simeoni Nsibambi alikuwa Mganda aliyehudumu katika kikosi cha tiba cha Waafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa ofisa wa afya katika serikali ya Buganda. Alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo. Nafasi ile ikamponyoka, ikamuuma. Ni katika uchungu huo, mwaka 1922, imani aliyokuwa nayo kwa jina tu ikawa yake kweli. Mtu aliyekosa alichodhani kingemkamilisha akasema amepata kinachomtosha.

Joe Church alikuwa daktari kijana kutoka Uingereza. Alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda, karibu na ziwa Muhazi, mwaka 1928. Akakutana na njaa kubwa iliyoua watu wengi. Mwaka uliofuata alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Leo tungesema alikuwa ameishiwa nguvu kwa sababu ya kazi. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Nsibambi. Daktari na ofisa wa afya wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba.

Church akarudi kwenye hospitali yake. Mambo hayakuwa shwari, wafanyakazi walikuwa na manung'uniko. Mkuu wa wasaidizi wa hospitali, Yosiya Kinuka, naye akaenda Kampala kumwona Nsibambi. Alikwenda na malalamiko ya Gahini, akarudi na toba yake mwenyewe. Mabadiliko yakaanzia kwake, yakaingia kwa wafanyakazi wenzake.

Mwishoni mwa 1933 mkutano wa Gahini uligeuka mahali pa watu kutubu waziwazi. Mwaka 1935 moto ule ulikuwa Kabale, Uganda. Kabla muongo ule haujaisha ulikuwa umefika Kenya na Tanganyika, kwetu magharibi ya ziwa. Wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ukawa wimbo wa walokole wote. Bukoba utausikia harusini, na utausikia msibani.

Nimeisimulia historia hii kwa sababu inajibu hofu iliyomzuia dada kwenda hospitali. Watu walioanza kusema "Yesu anatosha" katika ukanda wetu walisema hivyo wakiwa wodini. Waliomba, na waliosha vidonda. Hawakuona kwamba dawa inampunguzia Mungu sifa.

Na wao wenyewe waliugua. Nsibambi aliishi miaka mingi ya mwisho nyumbani, afya ikiwa dhaifu, watu wakimfuata huko huko kwa ushauri na maombi, hadi alipofariki mwaka 1978. Askofu Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1947, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984. Aliugua Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono na kukaza mwili, akafariki mwaka 1988. Hakuna anayesema Mungu hakuwatosha.

Basi "kutosha" ni nini?

Nilimwuliza yule mkunga swali la dada. Alicheka kidogo, akaniambia nikasome habari za nabii Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19.

Nilikuwa naikumbuka nusu. Eliya ametoka kushinda vita kubwa ya kiroho. Anakimbia jangwani, anakaa chini ya mti, anamwomba Mungu amwondoe duniani. Mungu hamkemei. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate na maji. Eliya anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena. Mazungumzo mazito yanakuja baadaye, mwili ukiwa umepata nguvu.

"Mungu alianza na chakula na usingizi," akasema yule mama. "Sisi tunaanza na mahubiri."

Katika Zaburi pia kuna maombi ya watu waliovunjika. Zaburi ya 88 inaanza gizani na inaishia gizani, bila kugeuka shangwe mwishoni. Bado imo katika Biblia, na bado ni maombi. Aliyeiandika hakuhisi uwepo wa Mungu, lakini aliendelea kumsemesha.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa Wakristo hawa wanamaanisha nini wanaposema mtu hupata utoshelevu ndani ya Mungu. Wengi tunadhani ni hisia: furaha inayobubujika, usingizi mzuri, nyumba yenye amani, watoto wanaotii. Mahubiri mengine ya siku hizi yanaongeza gari na kiwanja. Lakini mafundisho yao ya msingi yanauweka utoshelevu huo mahali pengine: katika kukubaliwa na Mungu kwa sababu ya kile Yesu alichofanya, siyo kwa sababu ya kile unachohisi. Furaha inaweza kuja, na kwa wengi inakuja. Ila haijawahi kuwa risiti. Risiti ni msalaba.

Ukilishika hilo, mama anaweza kuwa na sonona na bado akawa ameokoka kabisa. Anaweza kumeza kidonge asubuhi na kusoma Zaburi jioni. Hakuna kinachopingana.

Huzuni ya siku chache, na sonona

Sasa upande ninaoujua kwa kazi yangu.

Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea idadi inafika karibu asilimia 20, yaani mama mmoja katika watano. Katika kwaya ya kina mama 30 wenye watoto wachanga, piga hesabu mwenyewe.

Kina mama wengi hupata huzuni ya siku za mwanzo. Machozi yanakuja haraka, hasira ziko karibu, kisha hali inatulia yenyewe ndani ya wiki mbili. Mapumziko, chakula na mtu wa kusaidia kumbeba mtoto vinatosha.

Sonona ni tofauti. Inazidi wiki mbili, na inaweza kuanza hata miezi kadhaa baada ya kujifungua. Mume, mama mkwe, jirani, angalieni haya:

Halali hata akipata nafasi ya kulala, au analala kupita kiasi na bado amechoka.

Hamu ya kula imeondoka, au imebadilika sana.

Havutiwi tena na vitu alivyovipenda, ikiwemo kuimba, kuomba au kukaa na watu.

Anajiona hafai, ni mama mbaya, Mungu amemkataa.

Hajisikii kuwa karibu na mtoto, au ana hofu kali kwamba mtoto atadhurika.

Mbili au tatu kati ya hizo zikikaa zaidi ya wiki mbili, nendeni kituo cha afya. Si lazima kusubiri tatizo lipate jina. Siku ya kliniki ya mtoto ni nafasi nzuri: mweleze muuguzi kwamba mtoto yuko vizuri, ila mama hayuko vizuri.

Yapo mambo yasiyosubiri kesho: mama akisema anataka kufa, kwamba watu wangekuwa salama bila yeye, akifikiria kumdhuru mtoto, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akichanganyikiwa ghafla. Usimwache peke yake hata dakika moja, mwondolee karibu dawa na vitu vya hatari, na mpeleke hospitali usiku huo huo. Njooni na mchungaji kama mnataka, lakini njooni.

Tiba ipo. Inaweza kuwa mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote viwili. Zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, na daktari ndiye wa kuchagua. Usinunue mwenyewe duka la dawa, na usiache ghafla siku utakayojisikia nafuu. Hilo ni kweli pia kwa dawa za presha, kisukari na ARV. Ukiombewa na kuamini umepona, rudi hospitali upimwe. Aliyepona haogopi kipimo.

Na kuhusu kufunga: anayenyonyesha, mjamzito au anayemeza dawa kila siku azungumze kwanza na mtaalamu wa afya. Walokole wenyewe wanafundisha kwamba kufunga hakununui upendo wa Mungu. Mama anayenyonyesha anaweza kufunga televisheni na simu, akala ugali wake.

Watoto wanaangalia

Kuna jambo moja la walokole wa zamani ambalo ningependa kila mzazi alichukue, awe wa dini yoyote. Wanaliita kutembea nuruni. Maana yake usijifiche. Ukikosea, sema umekosea, kwa yule uliyemkosea.

Nilikuwa darasa la tatu noti ya shilingi 500 ilipopotea mezani. Mama alinichapa. Jioni aliikuta ndani ya Biblia yake, alikoiweka mwenyewe kama alama ya ukurasa. Ningekuwa mzazi wa aina nyingine, ningenyamaza. Yeye aliniita, akapiga magoti ili tulingane kimo, akasema: "Mwanangu, nimekukosea. Nimekuadhibu bure. Naomba unisamehe."

Mtoto wa miaka tisa hajui la kusema mbele ya maneno hayo. Lakini siku ile nilielewa msalaba kuliko nilivyouelewa kanisani. Nilielewa kwamba hata mama ana deni, na kwamba deni linaweza kusemwa kwa sauti bila nyumba kuanguka.

Watoto wetu wanajifunza Mungu ni wa namna gani kwa kutuangalia sisi. Ukimwambia mtoto kila siku "Mungu atakuchukia", usishangae akikua akiamini kwamba siku mbaya ni ushahidi wa kuchukiwa. Ukificha machozi yako yote ili aone imani isiyo na kasoro, siku yake ya kulia atadhani yuko peke yake. Mwambie kwa kiasi cha umri wake: leo mama anaumwa, amekwenda kwa daktari, na Mungu bado anatupenda. Sentensi hiyo moja ina mafundisho mengi.

Mama alipanda meli

Siku tatu baada ya dada kuanza matibabu, mama alipanda meli ya usiku Bukoba. Asubuhi alikuwa bandari ya Mwanza na ndizi, maharage, na kuku aliyefungwa miguu.

Nilikuwa nimefika siku moja kabla yake. Nilihofia ugomvi. Mama aliweka mizigo chini, akamwangalia dada. Alikuwa amekonda hata pete ilikuwa inazunguka kidoleni. Mama akakaa naye mkekani.

"Nilikukosea, mwanangu," akasema. "Uliniambia unaumwa, nikakwambia ufunge. Sikukusikiliza. Nisamehe."

Dada alilia, na mama alilia. Kisha mama akasimama akaenda jikoni kumenya ndizi, maana watu walikuwa hawajala.

Alikaa miezi miwili. Yeye ndiye aliyekuwa akimkumbusha dada dawa, saa mbili usiku, baada ya maombi ya familia. Kidonge, maji, amina. Aliporudi Bukoba alisimama katika ushirika wake na kutoa ushuhuda, akieleza alichokosea na jinsi ugonjwa ule unavyofanana. Kina mama wawili walimfuata baadaye pembeni, mmoja akiwa na binti yake.

Haikuwa njia iliyonyooka. Wiki kadhaa za mwanzo dada hakuona tofauti yoyote. Zilikuwepo Jumapili ambazo alikaa kanisani bila kuimba, na wenzake wa kwaya wakajifunza kumwachia nafasi yake bila kumwuliza maswali. Shemeji aliomba safari fupi fupi ili alale nyumbani. Baada ya miezi mitatu hivi ndipo alipoanza kulala usiku mzima.

Nilimwuliza kama amepata jibu la swali lake la saa tisa usiku. Alifikiri.

"Nilidhani kutosha ni mimi kujisikia nimejaa," akasema. "Siku hizi nadhani ni yeye kutoniachia hata nikiwa mtupu. Kama ninavyombeba huyu. Hajui kama nimembeba, lakini haanguki."

Mtoto ana mwaka na miezi miwili sasa. Anatembea kwa kushika makochi, anaangusha kila kitu. Dada bado anahudhuria kliniki, na daktari ameanza kumpunguzia dawa kidogo kidogo.

Wiki iliyopita alinipigia saa moja jioni. Kabla sijasema halo, nikasikia:

"Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu."

Nikajibu amina. Kisha akaniambia nimtumie pesa ya pampasi.